Matairi ya Theluji

Alberta, Kanada
6 Oktoba 2023

Dada Sihaba,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Abass, na kwamba joto la Guangzhou limeanza kuwahurumia. Mimi mzima. Nilizungumza na Mama Ijumaa iliyopita. Goti bado linamsumbua, lakini sokoni anakwenda mwenyewe na hataki mtu ambebee kikapu. Mjomba ameipaka nyumba ya Kikwajuni rangi ya kijani cha pilipili, mtaa mzima unamcheka, na yeye anadhani wanamsifu.

Utashangaa kuona karatasi badala ya ujumbe wa simu. Shemeji yako Hafidh anaipekua simu yangu kila anaporudi na lori. Hukaa nayo sebuleni, miguu juu ya meza, kama anasoma gazeti. Kwa hiyo ukinijibu, tumia anwani iliyo nyuma ya bahasha. Ni ya Kerubo, mwanamke wa Kikenya anayeendesha basi la shule, nyumba yake iko nyuma ya yetu. Usiogope, ni mtu mzima na mwenye heshima zake.

Jambo lenyewe ni gari. Hafidh anapokuwa safarini mimi ndiye ninayeendesha lile gari kuukuu kwenda dukani na hospitali. Wiki hii barafu ya kwanza imeshuka. Matairi yaliyopo ni ya kiangazi na yamekwisha. Kerubo amenieleza kwamba baridi ikizidi, raba ya aina ile hukakamaa kama ubao, ukikanyaga breki gari linakwenda linakotaka lenyewe. Huku watu wote wenye akili hubadilisha matairi kabla ya Novemba. Tena unatakiwa uweke maji ya rejeta yasiyoganda, betri ipimwe, na injini iwe na waya wa kuchomeka kwenye umeme wa nyumbani, ipashwe moto, la sivyo asubuhi haiwaki.

Nilimwambia Hafidh. Akasema, "Mimi nimeendesha kwa matairi hayo hayo tangu nije. Wewe umekuja jana." Sheria ya huku hailazimishi, na yeye kwa jambo lisilolazimishwa hatoi hata senti.

Najua Guangzhou kuna masoko ya vifaa vya magari. Naomba unitafutie kile kibetri kidogo cha kushtulia gari, na nyaya zake. Shemeji Abass asijue. Sema ni mzigo wa mteja.

Mdogo wako,
Ilham


Xiaobei, Guangzhou, China
31 Oktoba 2023

Mdogo wangu Ilham,

Waalaykum salaam. Barua yako imefika ikiwa imelowa pembe moja. Sisi hatujambo. Joto halijapungua hata kidogo, feni inazunguka mchana kutwa na bado kitambaa kinanata mwilini. Abass anapakia kontena la mwisho kabla ya sikukuu zao za mwaka mpya, maana wakifunga hawa, wamefunga. Mimi asubuhi niko Zhongda kuchagua vitambaa, mchana niko Kangle kwenye karakana nasimamia mashono ya madira. Laoban, yaani tajiri wa pale, wiki iliyopita alitaka kunipa uzi wa rangi ya samli badala ya dhahabu, akaniapia kwamba ni ile ile. Nilimsimamia mpaka mafundi wakafumua.

Nimeanguka kwenye ngazi za Kangle, mkono wa kulia umefungwa. Ndiyo maana mwandiko umekuwa hivi.

Sasa nikujibu. Sikukuletea vifaa vya gari. Nilikwenda Shiling, kwenye soko la mikoba, na wateja kutoka Dar nikauona mkoba mmoja mwekundu, ngozi halisi, nikasema huu wa mdogo wangu. Umo ndani ya kifurushi. Utoke nao na mumeo, watu wamwone anavyokutunza.

Ilham, mke mwenye mume hatafuti kibetri cha gari. Anakaa ndani mume arudi ampeleke. Hospitali unakwenda kufanya nini kila mara? Dukani si unaweza kununua vya wiki mbili? Nakufahamu tangu ukitambaa, ukitaka kitu unakizunguka kama paka. Usinizunguke mimi. Tumeolewa na ndugu wawili. Ukikohoa huko, mimi huku naulizwa nimekulisha nini.

Na kwa nini niandike kwa mwanamke nisiyemjua? Hafidh akisoma simu yako asome, mwenye neno safi haogopi kusomwa. Safari hii nimetumia anwani hiyo kwa sababu umeniomba. Usiizoee.

Dada yako,
Sihaba


Alberta
24 Novemba 2023

Dada,

Nakusalimu, na nakuombea mkono upone. Mkoba umefika. Mzuri sana. Nimeuweka juu ya kabati.

Mama anasema mvua za vuli zimeharibu dari ya jikoni. Nilimwambia nitamtumia kitu, kisha nikakumbuka kwamba sina kitu.

Sitakuzunguka tena. Uliuliza hospitali nakwenda kufanya nini. Zamani yalikuwa mambo madogo tu; safari hii nilikwenda kutazamwa sikio. Jumamosi ya wiki mbili nyuma tulikuwa tunarudi kutoka kwa rafiki yake. Barabara ilikuwa imeganda inang'aa, na gari liliteleza hata likageuka, mbele kukawa nyuma. Hatukugonga kitu. Nikasema, "Nilikwambia matairi." Hilo tu, dada, maneno mawili.

Alisimamisha gari pembeni. Akasema, "Shuka uyatazame vizuri." Nikashuka, nikidhani kweli anataka niyatazame. Akaondoka.

Nilikuwa na koti la nyumbani na ushungi. Nilitembea. Machozi yaliganda kwenye kope hata jicho moja halikufunguka. Nilipofika nyumbani alikuwa anakunywa chai. Akauliza, "Sasa umejua kwamba yanafaa? Mimi nimefika kabla yako." Na akacheka, akataka na mimi nicheke.

Ncha ya sikio la kushoto imekuwa nyeusi. Daktari alisema itadondoka yenyewe. Juzi imedondoka.

Kwa hiyo nimelitayarisha gari. Kerubo ameninunulia matairi ya theluji yaliyotumika, yana meno marefu, raba laini hata kidole kinaingia. Tumeyafunga wenyewe kwake uani, yeye akishika jeki, mimi nikikaza nati. Hafidh hajui tofauti, halitazami gari maadamu linawaka. Nimebadilisha maji ya rejeta, na nimefungiwa ule waya wa kupashia injini. Nimeweka maji ya kioo yasiyoganda na waipa mpya. Kwenye buti nimeweka blanketi mbili, koleo, mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya tairi likikwama, mishumaa na kopo la kuwashia ndani, na biskuti. Tangi silishushi chini ya nusu. Kerubo ameniambia nikikwama nisitoke kwenye gari kamwe, nizibue bomba la moshi nikae humo humo mpaka nionekane. Nimejifunza kuendesha kwenye theluji katika uwanja wa shule: polepole, bila kukanyaga breki kwa hasira, ukiteleza unageuza usukani kule unakoteleza. Mara ya kwanza nililia. Mara ya tatu nilikuwa nacheka peke yangu.

Krismasi Hafidh atakuwa na safari ndefu ya kwenda kusini. Akishaondoka, naondoka. Nakwenda Edmonton, kuna nyumba inapokea wanawake, nimeshazungumza nao. Nakwambia wewe peke yako, kwa sababu barabara ni ndefu, na nikipotea awepo mtu wa damu yangu anayejua nilikuwa naelekea wapi.

Usimwambie mtu. Hata Mama. Mimi nitamwambia nikifika.

Ilham


Guangzhou
15 Desemba 2023

Ilham,

Salamu. Mama hajambo, dari imezibwa. Huku baridi kidogo imeingia, nimevaa sweta. Madira yamekamilika na yametoka vizuri.

Nimemwambia Abass. Abass amempigia Hafidh.

Najua utanikasirikia. Lakini nilikaa na barua yako siku nzima kwenye begi, nikashindwa kuhesabu hata mita za kitambaa. Mwanamke peke yake, usiku na mchana, katika jangwa la barafu, anakimbilia nyumba ya wanawake wasio na wenyewe. Ukifa njiani nitamwambia nini Mama? Ukifika salama, ndiyo vibaya zaidi: nitamwambia nini Abass? Umewahi kukaa ukafikiri mimi naishi kwa nani? Kontena ni la Abass. Chumba ni cha Abass. Viza yangu ni ya mke wa Abass.

Hafidh amemjibu ndugu yake kwa upole kabisa. Amesema, "Mwambie shemeji ashukuriwe, nitalishughulikia." Hakutukana hata mara moja. Mtu wa namna hiyo ana ubaya gani? Alikosea lile la kukushusha, na nimemwambia Abass amkanye. Sikio lenyewe linafichika chini ya ushungi.

Barua hii itakapokufikia mambo yatakuwa yameshatengemaa. Mwombe radhi. Anza wewe.

Sihaba


Edmonton
19 Januari 2024

Sihaba,

Barua yako imenifikia leo. Kerubo ameniletea. Imekuta mambo yametengemaa kwelikweli.

Hafidh alirudi tarehe ishirini, kabla ya siku yake. Lori lilikuwa limebaki kwenye yadi ya kampuni, akaletwa na mwenzake. Sikujua kwamba amepigiwa simu. Nilimwekea chakula, akala, akasema wali umeiva vizuri. Kisha akatoka nje na jeki.

Nilimtazama kwa dirisha la jikoni. Aliyafungua matairi ya theluji moja moja, bila haraka, akipiga na mluzi. Akayafunga yale ya kiangazi, yaliyokuwa gereji. Halafu akaingia kuchukua kisu changu cha nyama, akayachoma yale mapya ubavuni, yote manne. Akafungua buti, akavitazama blanketi, koleo, mchanga, mishumaa, akaliwasha gari akaenda kuvitupa vyote jalalani. Aliporudi akaukata ule waya wa kupashia injini kwa kisu kile kile.

Aliingia akaweka funguo mezani, mbele yangu.

"Dada yako anakusalimu," akasema. "Haya. Nenda."

Akaniambia niokote funguo. Nikaokota. Akaniambia niziweke. Nikaziweka. Akaniambia niziokote tena. Tulifanya hivyo mpaka alipochoka, akaenda kuoga.

Maji yalipoanza kumwagika nilitoka kwa mlango wa jikoni. Safari hii nilivaa koti lake. Kerubo alikuwa ndiyo kwanza amerudisha basi, hakuniuliza hata swali moja, aliniambia tu, "Ingia, funga mkanda." Gari lake lina kila kitu ambacho langu lilikuwa nacho. Tulifika Edmonton salama.

Hafidh alipotoka kuoga alichukua funguo zile, akatufuata. Jua lilikuwa linazama, na huku likizama, baridi inashuka kama jiwe kisimani. Kwenye kona ya mto gari lilimtoka, likaingia mtaroni, upande wa chini, ambako taa za wapitao hazifiki. Injini ilizimika haikuwaka tena. Simu haikuwa na mtandao. Hakuwa na blanketi wala mshumaa, na koti lake zito nilikuwa nimelivaa mimi. Aliona afadhali atembee. Alitembea na viatu vya ndani. Asubuhi dereva wa gari la kukwangua theluji alimkuta amekaa kando ya barabara, amevua shati. Wanasema baridi ikimfikisha mtu mwisho, huhisi joto.

Hajafa. Wamemkata miguu yote miwili chini ya magoti, na vidole vya mikono vimebaki viwili, vya mkono mmoja. Askari waliokuja kuniarifu walivua kofia.

Mwambie Abass amelishughulikia.

Ilham


Guangzhou
16 Februari 2024

Ilham,

Sina salamu, ila Mama ameniagiza nikupe, kisha akalia, kisha akasema nisikupe. Basi chukua uipendayo.

Huku mji umefungwa kwa mwaka mpya wao. Kangle haisikiki hata cherehani moja. Abass yuko nyumbani kutwa.

Unaandika habari za mumeo kukatwa miguu kama anayeandika habari za mbuzi. Mtu alikuwa anakufuata wewe! Alitoka bila koti kwa sababu koti umelichukua wewe! Angekuwa hakupendi angekaa kwenye joto akanywa chai yake. Mama yao kule Zanzibar halali, anauliza ni mwanamke wa namna gani aliyemwingiza mwanawe kwenye barafu. Watu wanamjibu, ni mdogo wake Sihaba.

Sikiliza. Yuko hospitali hapo hapo Edmonton. Huna umbali wa kusingizia. Utakwenda, utaomba radhi mbele ya wauguzi, utarudi naye nyumbani na utamlisha na kumwogesha mpaka Mungu atakapoamua vinginevyo. Yeye amekwisha kumwambia Abass kwamba yuko tayari kukusamehe. Kwa hali ile! Ungekuwa na haya ungekuwa umeshafika.

Abass amesema hivi, na nakuandikia kama alivyosema: "Mmoja wenu atamlea ndugu yangu." Nikamwuliza ana maana gani. Nimejigonga tena, mkono ule ule, kwenye mlango wa ghala. Nakuandikia kwa kushoto.

Nenda, Ilham. Sikuombi kama dada. Nakuomba kama mtu.

Sihaba


Edmonton
12 Machi 2024

Dada Sihaba,

Assalaam alaykum. Nimepata kazi jikoni kwenye shule ya watoto wadogo, nakata matunda. Kerubo huja kunitazama anapopata nafasi. Mama hapokei simu yangu, lakini haikati. Huita mpaka inakatika. Nadhani anaitazama.

Nimekwenda, kama ulivyoniambia.

Yuko chumba cha peke yake, dirisha linaangalia maegesho ya magari. Amepungua. Mikono imefungwa bandeji kama mtoto aliyevishwa soksi mikononi. Aliponiona hakushangaa.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja."

"Nipe maji."

Kikombe kilikuwa juu ya meza yake, na mrija ndani. Nilimshikia, akanywa. Nilimfuta kidevu. Nakueleza ujue kwamba nilifanya.

Akasema, "Uliniacha na gari lile makusudi. Ulijua nitakufuata."

"Gari ulilitayarisha mwenyewe," nikasema.

Kisha akaanza, kwa sauti ile ya upole mliyoisikia kwenye simu. Kwamba tutahamia nyumba isiyo na ngazi. Kwamba serikali itatoa kiti. Kwamba nitajifunza kumnyanyua, kuna mkanda maalumu. Kwamba simu yangu itakaa juu ya kifua chake, nimshikie nimfungulie ujumbe mmoja mmoja asome, maana mwenyewe hawezi kubonyeza. "Ukirudi nitakusamehe," akasema. "Lakini sikio lako usinionyeshe. Linanitia kinyaa."

Akataka maji tena.

Nilichukua kikombe nikakiweka dirishani, mbali na kitanda, mahali anapoweza kukiona. Kengele ya kuita wauguzi ilikuwa imedondoka chini ya kitanda. Niliiona. Nilivaa glavu zangu, kidole kimoja kimoja, yeye akitazama. Aliniita kwa jina langu mpaka nikafika kwenye lifti. Muuguzi mmoja aliniuliza mimi ni nani wake. Nikamwambia ni jirani wa zamani.

Sijutii. Nilidhani nitajuta nikingoja basi, nikangoja, basi likaja. Nimeshafungua shauri la talaka.

Sasa wewe. Hakuna mtu anayeanguka kwenye ngazi kisha akajigonga mlangoni, mkono ule ule. Ulipokuwa msichana ulikuwa unapanda mnazi wa jirani na kushuka na nazi mbili kwapani. Mkono ule haukuvunjwa na Kangle. Niambie neno moja tu, hata kwa kushoto, na mimi nitatafuta mlango kutoka huku. Usiponiambia, sitauliza tena. Sina moyo wa kuuliza mara mbili, nimeuacha barabarani.

Ilham


Guangzhou
9 Aprili 2024

Mdogo wangu Ilham,

Waalaykum salaam. Nakushukuru kwa habari za kazi. Watoto wakatie tikiti bila kokwa. Sisi huku mvua imeanza, kuta zinatoa maji kama mtu anayetoka jasho, na vitambaa vya Zhongda vyote vinanuka unyevu. Mama anakuulizia. Anajifanya haulizi, anauliza kama Kanada kuna ndizi.

Kuhusu mkono, umepona.

Hafidh anarudishwa Zanzibar mwisho wa mwezi huu, amekataa kulelewa na wageni. Mama yao hawezi kumnyanyua wala hana subira ya kumlisha kijiko kwa kijiko. Abass amepanga kila kitu. Nitakwenda mimi. Kijana wa kumwogesha atatafutwa; chakula, nguo, dawa na kukaa naye ni juu yangu. Atapewa chumba cha chini na mimi cha ubavuni, ukuta mwembamba, ili akiita nisikie.

Leo nimekabidhi funguo za ghala. Abass hakunificha: yupo mke mpya, anatoka Dar, viza yake imeshatoka. Msichana mwenyewe alinipigia kuniuliza Kangle ni kituo gani cha treni na mafundi gani si waongo. Nilimweleza. Nilimtajia mpaka laoban wa kumkwepa. Ana adabu, alinishukuru.

Jana jioni Abass alikuwa anakula. Nilikuwa nimeshafunga sanduku, nikasimama nalo mlangoni, nikamwuliza, "Na mimi Guangzhou nitarudi lini?"

Hakuacha kutafuna. Akasema, "Hafidh akiota miguu."

Dada yako,
Sihaba